Uliyeshika Kamba, Umekula Nini?

Nimelala mahali pengi katika umri wangu: juu ya magunia, chini ya tela la trekta, ndani ya kanisa ilhali mimi ni Mwislamu, na mara moja ndani ya kisima chenyewe, futi arobaini chini, wenzangu walipokwenda kutafuta kamba nyingine. Shule sikukaa. Darasa la pili nililisoma Korogwe, la tatu Kilosa, la nne nikalisoma nusu kwa sababu mwalimu alihama nami nikahama, na yaliyobaki nimeyaokota njiani kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Kwa hiyo atakayesoma habari hii asinitafutie makosa. Atayapata bila kutafuta. Nataka tu kueleza nilichokiona mchana ule nilipojinyoosha, moyo ukiwa umevurugika, barazani kwa Mwantumu, binti wa marehemu kaka yangu Mbelwa.

Mwantumu ni mkunga. Ana miaka kumi na minane pale zahanati ya Kwekibo, na watoto aliowapokea mwanzo sasa wananyoa ndevu. Nilikuwa nimefika kwake juzi yake, kama ninavyofika kwa watu wote, bila taarifa na bila mzigo, nia yangu nilale siku tatu nipite. Asubuhi hiyo wakaja wageni kutoka mjini na kishikwambi chenye hiyo akili mnemba, kitu kinachosikia Kiswahili na kujibu Kiswahili, wakakiweka mezani uani mbele ya akina mama waliokuja kliniki. Wakakijaribu kwa Semeni, mke wa mchoma mkaa, mwenye mimba ya miezi minane. Wakakisomea kadi yake na kipimo cha presha, nacho, kabla mtu hajameza mate, kikasema kwa sauti tamu ya kike kwamba presha inapanda, kifafa cha mimba kinanukia, mama huyu apelekwe hospitali leo hii. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye mdomo wake hauna kizibo, akasema, "Ee bwana wee! Dada Mwantumu, wewe sasa utabaki wa kutuchemshia chai." Uwanja mzima ukacheka. Walipomaliza kucheka, Semeni hakuwapo tena kwenye benchi.

Mwantumu habari za presha ile alikuwa nazo tangu juzi. Jioni mbili mfululizo amekwenda kwa Semeni, akakaa na mama mkwe wake wakipukuchua mahindi, maana binti wa bibi huyo, wifi yake Semeni, alipelekwa hospitali ya mjini mwaka juzi, akafikishwa amechelewa, akarudi ndani ya sanda, na nyumba ile ikaapa kwamba haitatoa mtu mwingine. Mahindi yalikuwa yamebaki nusu gunia na bibi alikwishaanza kulegea. Sasa neno limetangazwa uani kama mnada, na ile nyumba imefunga mlango. Mwantumu alibisha hodi, akajibiwa na kuku. Aliporudi alikaa mezani, akaandika, akakunja karatasi, akaniletea.

"Baba mdogo, kesho si unapitia wilayani?"

"Napitia."

"Nipelekee hii. Ni barua ya kuacha kazi."

"Mwantumu, mwanangu..."

"Kile kitu kimesema kwa pumzi moja nililoshindwa kulisema kwa siku mbili. Mimi nabaki kufanya nini? Kuchemsha chai?"

Nikaitia mfuko wa shati. Mtu aliyechimba visima miaka thelathini, kisha akaona gari la mtambo likitoboa kwa siku moja kisima cha mwezi mzima, atamwambia nini mwenzake? Nikatandika mkeka, nikafunika uso kwa kofia, na usingizi ukanichukua jua likiwa utosini.

Nikajiona nimesimama katika nchi tambarare, rangi yake jivu lililopoa, haina mti wala kivuli, na mbele yangu ukuta mrefu mweupe unaong'aa kama jino. Watu walikuwa wanakwenda wote upande mmoja, kimya, kila mmoja amejitwika zana ya kazi yake kama watu waliopewa notisi ya kuhama, na vumbi waliloliinua halikutua chini, lilibaki limening'inia hewani kana kwamba hata lenyewe limechoka kuanguka. Langoni alisimama bwana mmoja mzuri wa sura, kanzu yake haina kunyanzi hata moja, kanzu ya mtu asiyewahi kuketi popote, na viganja vyake laini kama yai. Akaniambia jina lake ni Wepesi, na kwamba hapa ni Mji wa Majibu, karibu sana mzee, tua.

"Nitue nini? Sina mzigo."

"Kazi," akasema, akicheka kwa upole. "Humu ndani hakuna swali linalolala bila jibu, wala mtu anayetoka jasho. Kila aliyeleta kazi yake ameitua hapa, ameingia kupumzika."

Nikatazama alikoonyesha, nikaona chungu ya zana imelundikana kama kilima: mashine za kupiga chapa, kamusi, ramani za madereva, kalamu za makarani, miwani ya wasahihishaji wa mitihani, na pembeni, Mungu shahidi yangu, sururu yangu mwenyewe, ile yenye mpini niliouchoma alama ya nyota. Moyo ukaniuma kidogo. Kisha ukaacha. Shimo ni shimo, na mtambo unachimba lililonyooka kuliko langu. Hilo nilikwisha kulikubali tangu zamani nikiwa macho, sembuse ndotoni.

Lakini kando ya lango kulikuwa na kundi la watu waliogoma kutua. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wamekaa chini wamekunja miguu, na kelele zao ndizo zilizokuwa sauti pekee katika nchi ile. Katikati yao akainuka bibi mfupi, mkavu kama kuni ya mkwaju, amebana kwapani sahani ya bati, na viganja vyake vina makovu ya kamba yaliyopandana. Mimi makovu hayo nayajua, ninayo. Akanijia moja kwa moja.

"Mchimba," akaniita. "Mimi ni Dhamana. Usitue, usiingie. Tembea nami kwanza uwaone hawa, kisha mguu wako uamue."

Tukapita kati yao. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito, mshenga, mtu wa kupeleka posa, alikuwa amemshika Wepesi upindo wa kanzu, anamfokea mpaka mate yanaruka. "Unasema chombo chako kitamjua mchumba anayefaa kuliko mimi. Haya, kimjue! Na kijana akianza kumpiga mke, ataitwa nani? Mimi kuna ndoa moja nimeketishwa mkekani tangu adhuhuri mpaka magharibi, natukanwa na mashangazi watatu kwa zamu. Kilete chombo chako kitukanwe!"

"Kikitukanwa hakiumii," akasema Wepesi.

"Si ndiyo hapo! Ukweni wanataka mtu anayeumia!"

Kundi likaangua kicheko, na mshenga akajiweka sawa kofia kama aliyeshinda kesi. Hatua chache mbele aliketi mama mnene mwenye macho ya utulivu, birika mkononi, shuka jeupe begani, na waliomzunguka wakamwita Bi Sitara. Yeye ni mwosha maiti. Wepesi alikuja akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa adabu kwamba chombo kinaweza kuhifadhi siri nyingi kuliko kifua cha mwanadamu, wala hakisahau. Bi Sitara alimimina maji kidogo mchangani, akayatazama yakizama, ndipo akajibu. "Niliyoyaona katika miili ya watu wa mji wangu, mwanangu, nikiyasema, mji utahama kabla ya alasiri. Nimeosha mke mwenye alama ambazo mumewe hakuzijua. Nimemwosha adui yangu, nikamfunika vizuri kuliko alivyonifunika alipokuwa hai. Sanduku lako lina kufuli. Haya linayo? Siku nitakayokufa nataka nigeuzwe na mkono unaoona haya." Wepesi akaenda kumkaribisha mtu mwingine. Nami sijui kwa nini nilisikia kifua kinanipanuka, kama mtu aliyesikia ukoo wake ukitajwa vyema mbele ya wageni.

"Usidhani wanajiona wajuzi," Dhamana akaniambia tukitembea. "Katika ujuzi wameshindwa, na wanajua kwamba wameshindwa. Kazi yoyote ina kuijua na ina kuibeba. Kuijua kunaweza kufundishwa kwa jiwe, siku jiwe likipata masikio. Anayebeba ni yule atakayelala na njaa jambo likiharibika." Akasimama, akanitazama kifuani. "Umebeba nini wewe humo? Shati lako linavutika."

Nikashika mfuko. Ile karatasi ilikuwa imekuwa nzito kama tofali bichi. "Barua ya mtu," nikasema. Akatikisa kichwa, na kiu ikanishika ghafla, kiu ya kukausha ulimi. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mchimba visima hata wa siku moja hafanyi. Niliona kisima wazi upande wa pili wa lango, Wepesi akiniita kwa mkono, na pembeni ya kisima amesimama mtu wa kioo kitupu waliyemwita Mjuzi, mikono yake chuma, sauti yake ile ile tamu niliyoisikia asubuhi uani. "Shuka unywe, mzee," Wepesi akasema. "Huyu anajua kina, anajua uzito wako, mkono wake hautetemeki." Nikajifunga kamba kiunoni, nikashuka. Sikula naye.

Ngoja nieleze. Mimi na kaka yangu Mbelwa tulikuwa tunachimba wawili, mmoja chini, mmoja juu ameshika kamba, na desturi yetu ilikuwa hii: kabla ya kushuka mnakula kwenye sahani moja, hata kama ni kipande cha muhogo. Kisha aliyeko chini kila mara anapaza sauti, "Uliyeshika kamba, umekula nini?" na aliyeko juu anataja walichokula. Akichelewa kujibu, amesinzia. Akikosea, kamba iko mkononi mwa mtu mwingine. Siku moja Mbelwa alibanwa na haja, akamwachia kamba mpita njia. Nikauliza, nikajibiwa, "Wali!" nasi tulikula muhogo. Nikakanyaga ukuta huku na mgongo huku, nikajibana kama kinyonga, na sekunde ile kamba nzima ikanidondokea kichwani. Yule bwana alikuwa ameiachia ili ajikune. Mbelwa aliporudi alilia, na tangu siku hiyo hakuiachia kamba yangu hata alipoumwa na siafu.

Basi nikiwa katikati ya kisima cha ndoto, giza chini, duara la mwanga juu, mazoea yakanitoa sauti yenyewe. "Uliyeshika kamba, umekula nini?"

"Sijala, mzee," Mjuzi akajibu bila kuchelewa. "Mimi sili. Naweza kukutajia vyakula vinavyomfaa mtu wa umri wako."

"Na nikianguka je?"

"Nitajua papo hapo kwamba umeanguka, na nitasema ni futi ngapi bila kukosea."

"Na wewe itakuaje?"

"Haitakuwa kitu. Nitamshika anayefuata."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kweli, kama alivyosema kweli asubuhi, nami sikumchukia. Mtu humchukii kwa kukwambia kwamba hana njaa. Lakini barua kifuani ilizidi uzito, kamba ikaanza kuteleza, na nilipotazama chini nikaona kwamba siko peke yangu: vidole vya mtu vimenishika kifundo cha mguu, na katika giza lile uso ni wa Semeni, tumbo lake mbele yake, macho yamenitumbulia, hasemi. Nikapiga kelele iliyonitoka tumboni, nikauliza tena swali lile la ukoo wetu, na safari hii jibu likaja na hasira na kicheko pamoja:

"Muhogo wa kuchemsha, Baba mdogo! Na kipande kikubwa ulikula wewe!"

Nikainua macho. Kamba ilikuwa mikononi mwa Mwantumu. Miguu ameikita kwenye ukingo, viganja vinachunika, mshipa wa shingo umesimama, na nyuma yake kwenye mwanga nikawaona mshenga bila kofia, Bi Sitara ameshika kiuno cha mshenga, na nyuma yao wengine na wengine, walimu wenye chaki nywele zote, wauguzi, walezi wa vichaa, wazee wa usuluhishi, msururu mrefu unaopotea kwenye vumbi, wote wamelala nyuma kwa uzito wao, wote wanaimba wimbo wa kuvuta. Lo! Nikasema moyoni, kumbe sisi ni wengi hivi. Lakini hatupandi. Mimi na Semeni tunavutwa, na bado tunashuka kidogo kidogo. Nikaitoa ile barua mfukoni, nikaifungua kwenye mwanga mdogo uliokuwapo. Haikuwa na maandishi. Ilikuwa na alama ya kiganja kimoja kilichochunika, kibichi bado. Na sauti ya Dhamana ikanifikia taratibu kupitia matofali, kama mtu anayeongea chumba cha pili: "Mchimba, mkono wa aliyekushikia kamba, unaupeleka wapi?"

Nikashtuka. Kofia imenianguka, shingo imelowa, kinywa kikavu. Jua lilikuwa limeegemea saa tisa, na uani Mwantumu amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa lililogoma kuwaka, kando yake sufuria ya muhogo uliokwisha menywa. Nikakaa kitako. Nilikuwa nimefikiri kwamba nimebeba karatasi, na kwamba kubeba barua ya mtu ni kazi isiyo na lawama. Nikaona sasa kwamba tangu asubuhi watu wote tulikuwa tunamsifu aliyejua kina cha kisima, na hakuna aliyemtazama aliyeshika kamba. Semeni hakukimbia kwa sababu hakuambiwa kweli. Alikimbia kwa sababu aliambiwa ashuke, na hakuona mkono wa mtu juu.

Nikaenda nikampa barua yake. "Hii mimi sitaibeba. Ukitaka iende, ipeleke mwenyewe."

"Umeisoma?"

"Nimeiota."

Akanitazama kama anayetaka kunipima joto. Mkaa ukafuka moshi, ukaanza kufa. Mwantumu akaitazama barua, akautazama mkaa, akaikunja mara nyingine, akaanza kupepea kwayo. Alipepea kwa nguvu mno kwa jiko dogo vile. Muhogo ulipoiva nikamwambia alete sahani moja.

"Moja?"

"Moja."

Mwiko ukabaki hewani. Yeye ni binti wa Mbelwa. Hakuna haja ya kumweleza. "Kwani leo anashuka nani?" akauliza polepole.

Sikuwahi kumjibu. Hodi ilipigwa uani, na akaingia Semeni na mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye kidevu cha ubishi, kitita cha kanga kichwani. Bibi hakusalimu.

"Muuguzi. Lile jini la kioo lilisema mkwe wangu aende leo, la sivyo tutamzika na mtoto tumboni."

"Limesema kweli, mama. Hata mimi ndilo nililokuwa nakuja kukwambia."

"Sikuja kuuliza kama ni kweli. Watu wa kusema kweli ni wengi." Akashusha kitita. "Nimekuja kuuliza kama utapanda gari naye."

Mwantumu hakusita. "Nitapanda."

"Na mle ndani?"

"Nitaingia naye. Wakinitoa nitakaa mlangoni, na atasikia sauti yangu."

"Na likitokea la kutokea?"

"Basi nitarudi kwako kwa miguu yangu, mama," Mwantumu akasema, "nikae kwenye mkeka wako, unitazame usoni."

Bibi akamsukuma Semeni mgongoni, si kwa nguvu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. Nami nikamwona Mwantumu akichukua ile sahani yangu, akaiweka mkekani mbele ya Semeni, akaketi naye. "Onja kidogo. Mimi na wewe." Wakala haraka, vidole vikigongana. Baada ya hapo Mwantumu akanyanyuka amekuwa mtu mwingine kabisa. Alikwenda mpaka kwa mwenyekiti, walikokuwa wageni wa mjini wanakula pilau, nikamsikia kutoka barabarani: "Gari lenu linatoka sasa hivi na mgonjwa wangu. Na hicho chombo kije, kinisomee presha njiani, kinajua kusoma." Mwenyekiti akaanza kusema jambo. "Wewe," Mwantumu akamwambia, "chemsha chai." Wake zake wawili walicheka mpaka wakashikana.

Gari likapita mbele yangu na vumbi lake, Semeni amelazwa ubavu, kichwa mapajani mwa Mwantumu. Sijui kilichonipata, nikatoka mbio na miguu hii ya miaka sabini, nikapaza sauti kama niko futi arobaini chini.

"Uliyeshika kamba! Umekula nini?"

Na dirishani, juu ya mngurumo wote ule, jibu likaja bila kuchelewa. "Muhogo! Na kipande kikubwa kala Semeni!"

Nikarudi uani nikaosha sahani. Mama mkwe alikuwa bado ameketi mkekani, mikono magotini, anatazama njia. Nikamwuliza yale mahindi nusu gunia yako wapi, tuyapukuchue tukiwangoja. Kesho yake sikuondoka.